Tone la Kidole cha Mama Taaka

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Simu ya gari la wagonjwa ililia nikiwa na kipande cha muhogo mdomoni. Saa nimeinakili kutoka kwenye daftari langu. Muhogo naukumbuka mwenyewe, kwa sababu nilijibu simu nao. Aliyepiga alisema magunia ya mahindi yamewaangukia watu kwenye foleni ya malori, upande wetu wa Busia, na kwamba kuna mtu analia vibaya sana.

Nitarudi kwenye magunia. Kwanza nijieleze, maana nyinyi mnaoingia kwenye gari sasa hamnijui, na wanaonijua watawaambia kwamba mimi ni yule mama asiyeongea.

Jina langu ni Nabwire, mzaliwa wa Lunyo. Nimekaa nyuma ya gari la wagonjwa miaka kumi na tisa kama mhudumu. Si muuguzi, wala si daktari, ingawa barabarani kila mtu aliniita musawo, yaani daktari, kama wanavyomwita yeyote aliyevaa glavu. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, upande wa Kenya, kwa shangazi yangu. Ndiyo maana Kiswahili changu cha kuandika kimevaa viatu, ingawa cha mdomoni kinatembea peku kama cha kila mtu hapa mpakani. Juu ya hapo nina kozi ya huduma ya kwanza, na yale niliyofundishwa na watu waliokuwa na subira.

Nilipostaafu, kituo kiliniomba nije nizungumze na vijana. Nikasema kuzungumza hapana, nitaandika. Nimeandika daftari tangu kidato cha pili, kwa sababu mambo ambayo wasichana wenzangu waliyasema tu, mimi sikuweza kuyatoa ila kwa kalamu. Mwalimu mgeni aliponiuliza jina langu mbele ya darasa, nililisahau. Sijivunii hilo. Nawaambia ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekuwa ameshika kile kimashine siku ya magunia.

Kimashine chenyewe nyinyi mnakikuta kwenye begi kama kwamba kimekuwako tangu uhuru. Sisi tulikingoja. Kabla yake tulikuwa na kipima joto, mashine ya presha, macho yetu, na Mzee Oketcho. Mzee Oketcho alikuwa dereva wetu, Mjopadhola wa Tororo, na kipimo chake kilikuwa kioo cha kuangalia nyuma. Mgonjwa anayelalamikia mashimo ya barabara, alisema, huyo atafika. Anayeuliza kama tunaweza kusimama kidogo anunue ndizi, huyo hata king'ora hastahili. Akinyamaza, Mzee alikanyaga mafuta. Mara nyingi alikuwa sahihi. Lakini zile mara nyingine, mtu alikuwa akilipuuza shimo, akiagiza ndizi, na huku anakufa.

Aliyetuletea kimashine ni Sista Amoding, muuguzi wa dharura, Mteso, mfupi, mwenye sauti inayoweza kufika Malaba bila simu. Alikaa nasi wiki mbili. Alitueleza hivi: mama akipika kwa kuni kavu na jiko likapata hewa, moto unawaka safi. Jiko likikosa hewa, chakula bado kinapikwa, lakini nyumba inajaa moshi. Mwili nao ni vivyo hivyo. Damu ikimwagika ndani, au uchafu wa kidonda ukiingia kwenye damu, nyama za mwili zinakosa hewa. Haziachi kazi, ila zinaanza kutoa moshi. Moshi huo ndio laktati. Unatoboa kidole, unagusisha tone kwenye kile kikaratasi cha kupimia, na kabla hujamaliza kumpa mgonjwa pole, namba imetokea. Chini ya mbili, tulia. Ikipita nne, usitulie tena, hata kama mgonjwa anacheka.

Nikamuuliza, kwa kunong'ona, kama namba inaonyesha ugonjwa ni upi. Akasema haionyeshi moshi unatoka jiko gani. Inakuonya tu usiendelee kukaa sebuleni ukipiga soga.

Kutoboa kidole mnadhani ni kitu rahisi. Toboa ubavuni mwa ncha, si katikati, kwa sababu katikati ndipo mtu anaposhikia jembe na sindano na hela. Osha mkono kwanza, kwa sabuni, halafu ukaushe kabisa. Jasho lina laktati yake lenyewe. Tone la damu likichanganyika na jasho, umempima jasho. Futa tone la kwanza, tumia la pili. Na usikamue. Siku ya kwanza nilikamua kidole cha Mzee Oketcho, aliyekuwa amejitolea kwa sherehe kubwa, mpaka Sista akanishika kifundo cha mkono. "Nabwire," akasema, "hicho ni kidole, si chuchu ya ng'ombe."

Mzee Oketcho alitembea na pamba kwenye kidole hicho siku tatu.

Sheria nyingine ya Sista ilikuwa ngumu kwangu kuliko zote. Ukipata namba, itamke kwa sauti, gari zima lisikie. Namba iliyobaki kwenye kimashine, alisema, haijampima mtu. Mimi nilinong'ona. Akaweka mkono sikioni. Nikaiandika kwenye karatasi nikamwonyesha, nikidhani nimepata njia. Akaichana ile karatasi vipande vinne, akavitia mfukoni mwa koti langu.

Sista aliondoka, nasi tukaanza kukosea. Kosa la kwanza lilikuwa la Mzee. Kopo la vikaratasi vya kupimia lilikuwa likimzuia kukaa vizuri, akaliweka mbele, kwenye dashibodi, penye jua. Wiki nzima watu wa Busia walikuwa na namba za ajabu. Mama mjamzito mwenye afya njema alipata namba ya maiti. Mzee mmoja aliyekuwa anatapika damu alipata namba ya mtoto aliyetoka kulala. Nilidhani mikono yangu ndiyo mibovu, nikaandika daftarini kwamba nitaacha kazi. Halafu nikashika kopo, likaniunguza. Vile vikaratasi havipendi joto, havipendi unyevu, na havipendi kopo lililoachwa wazi. Viwekeni kivulini. Dereva akilalamika, mwambieni akae kwa ubavu.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe, na likanipa jina.

Mnajua wale wanaume wa baiskeli wanaobeba mizigo kuvuka mpaka. Mmoja wao alianguka njiani na shehena ya magunia, akagonga kichwa kidogo, na watu wakatuita. Alikuwa analowa jasho, anahema. Nikampima pale pale: tisa. Sikuwahi kuona tisa. Nilimwita Mzee, king'ora kikawashwa, tukaenda hospitali ya Tororo kwa namna ambayo kuku wa njiani bado wanasimuliana. Tulipofika, mgonjwa alishuka kwa miguu yake, akaomba soda. Muuguzi wa mapokezi akampima tena: mbili na kidogo. Yule mwanamume alikuwa amekanyaga pedali kwa nguvu zake zote na kilo mia nyuma yake, hakuna zaidi. Misuli inayofanya kazi kuzidi hewa inayoipata hutoa moshi ule ule. Mtu aliyetoka kukimbia, kupigana, au kushikwa na kifafa, namba yake itakuwa juu. Mwache apumzike, mpime tena. Ya kazi inashuka. Ya hatari haishuki.

Sista alikuwa ametuambia hilo. Ilikuwa kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu. Nilikuwa sijalisoma.

Basi kuanzia hapo Daktari Ekirapa aliniita Musawo Tisa. Ekirapa alikuwa ofisa wa tiba kijana, mchapakazi, asiye na roho mbaya, lakini mtu asiyesahau. Kila nikifungua begi alikuwa akiuliza kama leo nina tisa nyingine au zimeisha. Nilicheka pamoja na wengine. Halafu nikaanza kupima watu kimyakimya, na kuiandika namba kwenye fomu bila kuitamka, nikimwachia asome mwenyewe akitaka. Hakutaka mara nyingi.

Sasa turudi Jumanne.

Tulifika kwenye malori sote watatu, Mzee kwenye usukani, Daktari Ekirapa mbele, mimi nyuma. Kamba ya turubai ilikuwa imekatika wakati wanapakua, na magunia matatu yakashuka yenyewe. Watu walikuwa wamejaa, na katikati yao alikaa kijana mmoja, utingo wa lori kutoka Kenya, jina lake Brayo, akishikilia mkono uliopinda mahali ambapo mkono haupindi. Ndiye aliyekuwa analia. Alilia kwa Kiswahili, kwa Sheng, na kwa lugha ya mama yake.

"Manze daktari, hii mkono imeisha," alisema. "Imeisha kabisa. Nipelekeni hosi kubwa, si hizi za kupewa panado."

Mama Taaka alikuwa pembeni. Wote tulimjua, alikuwa anauza ngege karibu na lango la soko, mwanamke mpana, mcheshi, anayekudanganya uzito wa samaki huku unamshukuru. Gunia lilimpiga ubavu wa kushoto, kikapu chake kikamwagika, na tulipofika alikuwa ameshainama akizunguka huku na huko kuokota samaki wake kabla vijana hawajamsaidia kupita kiasi. Alipoona glavu zangu alicheka.

"Musawo, wewe wacha mimi," akasema. "Mimi niko sawa. Huyu mtoto wa Kenya atamaliza hewa yote ya Busia, peleka yeye."

Daktari alimpima presha, ikawa nzuri. Mapigo ya moyo yalikuwa juu kidogo, lakini nani asingekuwa juu baada ya kupigwa na gunia. Alibonyeza tumbo lake, mama akasema linauma kidogo tu pale ubavuni. Daktari akamwambia aende nyumbani, anywe dawa ya maumivu, na akizidiwa aje kituoni. Lilikuwa agizo la kawaida. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia mara nyingi bila kulifikiria.

Nilipima kwa sababu ndiyo kazi yangu. Brayo, pamoja na kelele zote, alipata moja nukta saba. Mama Taaka alipata nne nukta nane.

Niliangalia ile namba. Nikasema kimoyomoyo kwamba mikono yake ina maji ya samaki na jasho. Nikasema amekuwa akikimbizana na ngege. Nikasema nisiseme. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: dakika nzima niliyoweza kuitumia kusema, niliitumia kujitafutia sababu za kunyamaza. Halafu nikamwona akijisugua bega la kushoto. Gunia halikumpiga begani. Nilimuuliza, akasema linamchoma tu, labda amelala vibaya.

Sikujua bega lina maana gani. Lakini lilinisogeza mpaka kwa daktari.

"Daktari, nne nukta nane," nilisema.

Hakusikia. Nikarudia.

"Ya nani? Ya mama?" Alikuwa anatafuta bendeji. "Ameokota samaki soko zima, Musawo Tisa. Si ni kama yule wako wa baiskeli?"

Hapo msimlaumu. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa, na aliyemfundisha kuliuliza ni mimi. Jibu lake nilikuwa nalo kwenye daftari, na safari hii nilikuwa nimelisoma.

Nikamwomba dakika kumi. Nikasema, wakati wewe unaufunga mkono wa kijana, mimi nitamlaza mama, apumzike, nimpime tena. Ikishuka, aende nyumbani na mimi nitaitwa Tisa mpaka nizikwe. Alinitazama kidogo, labda kwa sababu yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia kwa siku moja, akasema sawa, dakika kumi.

Kumlaza Mama Taaka ilikuwa kazi. Alisema yeye si wa kulala mchana mbele ya wanaume. Nilimtandikia kitenge chake mwenyewe nyuma ya gari, nikampa kazi ya kunihesabia pumzi zake, na hiyo ikamnyamazisha kwa sababu anapenda kuhesabu. Nilimwosha mkono mwingine, wa kulia, kwa sabuni na maji ya chupa, nikaukausha kwa pamba, kidole hadi kidole. Daktari alikuwa anafunga mbao kwenye mkono wa Brayo, na Brayo alikuwa anamjulisha kila mtu mpaka Nairobi. Niliangalia saa. Mnajua dakika kumi ni ndefu kiasi gani mkiwa mnangoja namba? Niliomba ishuke. Kweli, niliomba. Nilitaka mama awe mzima kuliko nilivyotaka mimi niwe sahihi, ingawa sikosi kukiri kwamba kulikuwa na kidogo cha hilo la pili.

Nilitoboa ubavuni mwa ncha. Nikafuta la kwanza. Nikangoja la pili lije lenyewe.

Sita nukta moja.

Nilipogeuka, Brayo alikuwa ameshaanza kuinuliwa kwenye machela, yetu moja tuliyokuwa nayo. Mzee alikuwa ameshawasha gari. Nikasema sita nukta moja. Injini ikaimeza sauti yangu. Nikasema tena, daktari akaniashiria kwa mkono nipande, twende. Mzee Oketcho akaniona kwenye kioo chake. Sijui aliona nini, sikuwahi kumuuliza. Lakini alizima injini. Kukawa kimya ghafla, na sauti yangu, ambayo ilikuwa imejiandaa kushindana na injini, ikatoka peke yake mbele ya foleni nzima ya malori.

"Sita nukta moja! Mama Taaka ndiye analala kwenye machela. Kijana atakaa mbele."

Brayo alijishusha kwenye machela kwa mkono mmoja. Daktari Ekirapa alinijia karibu, akasema kwa upole kwamba presha ya mama ni nzuri, kwamba nikimfikisha Tororo na hana kitu, atakayeulizwa ni yeye.

"Waambie ni mimi," nikasema.

Akafikiri. Kisha akamshika mama mkono, akasikiliza mapigo tena, kwa muda mrefu zaidi kuliko mara ya kwanza, na uso wake ukabadilika kidogo. "Basi," akasema. "Lakini simu ya Tororo utapiga wewe. Kama unaamini, waambie wewe."

Aliyebaki sasa kupinga ni mgonjwa mwenyewe. Mama Taaka alikataa katakata. Samaki wa leo, alisema, majirani watamwuzia. Lakini kesho saa kumi na mbili asubuhi kikapu chake kinafika kutoka Majanji kwa pikipiki, na mwenye pikipiki hamngojei mtu. Asipokukuta anamwachia mwingine, na ukishapoteza zamu yako siku moja umeipoteza, kuna wanawake watano wanaoitamani. Watoto wake wako shule za bweni, mume alishafariki. Nani atapokea? Nani atauza?

Jumatano ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikasema nitapokea mimi.

Alinitazama juu chini pale alipolala. "Wewe?" akasema. "Wewe utauza samaki? Kwa sauti gani?"

Lakini alipanda.

Njiani Daktari Ekirapa alikaa nami nyuma, akamtundikia mama maji, na hakuniita Tisa. Mbele Brayo alikuwa anamfundisha Mzee Oketcho kuendesha. Nilipiga simu. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja cha glavu ili nisiyasahau kama nilivyolisahau jina langu. Aliyepokea alikuwa daktari wa upasuaji, mwanamke, mwenye haraka. Nilimwambia: mama wa miaka hamsini na mbili, gunia la mahindi ubavu wa kushoto, presha nzuri, laktati nne nukta nane, baada ya dakika kumi za kupumzika sita nukta moja, anaumwa bega la kushoto. Aliniambia niseme kwa sauti. Nikasema tena. Akauliza la bega mara mbili. Kisha akasema watatayarisha damu na chumba cha upasuaji, na akakata simu bila kuniuliza mimi ni nani. Nilishangaa sana. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo maisha yangu yote.

Mwamba wa Tororo ulipoanza kuonekana dirishani, Mama Taaka aliacha utani katikati ya sentensi. Alikuwa anamwambia daktari kwamba amekonda, atafute mke. Midomo yake ikawa ya kijivu. Presha iliyokuwa nzuri ikaanguka mara moja, kama kitu kilichokuwa kimeshikiliwa kwa kidole kimoja. Hivyo ndivyo inavyofanya, wanangu. Mwili unabana, unabana, presha inabaki nzuri, na wewe unaridhika. Halafu mwili unachoka. Ile namba ilikuwa imetutangulia kwa nusu saa. Kama ningenyamaza, presha hiyo ingeanguka nyumbani kwake, na yeye peke yake jikoni.

Mzee Oketcho alitazama kioo, akaona kimya, akakanyaga mafuta. Safari hii vipimo vyote viwili vilikubaliana.

Walikuwa wanatungoja mlangoni. Hakuna aliyesema kaeni kwenye benchi. Walimpokea kutoka mikononi mwetu wakaenda naye moja kwa moja, na mlango ukafungwa. Tulikaa. Brayo alipigwa picha ya mkono wake, akarudi akakaa nasi, ingawa hakuwa na haja ya kungoja. Baada ya muda mrefu yule daktari wa upasuaji akatoka na kofia mkononi, akauliza nani aliyepiga simu. Nilisimama. Akasema bandama ilikuwa imepasuka, tumbo limejaa damu, na damu hiyo ikigusa kule juu, chini ya mapafu, maumivu yanaenda kutokea begani. Bandama wameitoa. Kama mama ataamka vizuri, yeye bado hajui, maana amepoteza damu nyingi. Tuone asubuhi.

Daktari Ekirapa aliuliza kama anaweza kutoa damu. Walimchukua. Mzee naye akajitolea, akiwaonyesha kile kidole chake cha zamani kuthibitisha kwamba ana uzoefu, akaambiwa umri umepita. Aliudhika mpaka tukafika Busia.

Niliandika ukurasa mmoja tu jioni ile. Nilitaka kuandika kwamba nilisema, lakini nilichoandika ni kwamba nilichelewa dakika moja kusema. Nimeusoma tena wiki hii. Bado naona uliandikwa sawa. Nyinyi mkipata namba yenu, msiipe hiyo dakika. Hata kama juzi mliwahi kukosea. Hasa kama juzi mliwahi kukosea, kwa sababu siku hiyo ndiyo mtakayotaka kunyamaza.

Asubuhi yake, Jumatano, nilikuwa langoni mwa soko saa kumi na mbili kasoro robo. Pikipiki ikaja, mwenyewe akaniuliza Taaka yuko wapi, nikamwambia yuko Tororo, mimi nimekuja badala yake. Alinipa kikapu bila maneno. Nilipanga ngege kwenye meza, vichwa vyote upande mmoja, kama vyombo kwenye trei. Nikakaa. Watu walipita. Niliwatazama kwa heshima, nao wakanitazama kwa heshima, wakaenda kununua kwingine. Jua likapanda. Simu yangu ilikuwa mfukoni na haikulia, na niliogopa kupiga Tororo.

Jirani wa meza, Mama Achieno, alivumilia mpaka akashindwa. "Musawo," akasema, "hao wameshakufa, hawahitaji utulivu. Ita."

Nikasimama. Nikavuta pumzi, nikaita ngege wa Majanji. Mbwa aliyekuwa amelala chini ya meza aliamka akaondoka. Nikaita tena. Mwanamume mmoja aligeuka, akaja, akalalamika kwamba samaki ni wadogo, nikamwambia macho yake ndiyo makubwa, sijui nililitoa wapi hilo, na Mama Achieno akapiga makofi. Saa nne kasoro kikapu kilibaki na magamba, na mimi sikuwa na sauti hata ya kuagiza chai.

Nilipanda boda mpaka Tororo na kile kikapu mapajani. Mlangoni mwa wodi muuguzi alikikataa kwa sababu ya harufu. Sikuweza kubishana, sauti haikuwepo, basi nikapita tu. Mama Taaka alikuwa kitanda cha tatu, mirija puani na mkononi, macho wazi. Nilikiinamisha kikapu kitupu ili aone ndani. Alichungulia muda mrefu, akanigeukia, na kwa sauti ndogo kuliko yangu akauliza kama kweli hata mmoja sikumwachia.